Mahali pa Kutua Debe

Mabatini, Mwanza
2 Juni 2024

Babu Alexander,

Shikamoo. Hunifahamu, kwa hiyo naanza na ukoo. Mimi ni Odeta. Mama yangu ni Winnie, na Winnie ni binti wa Bibi Rebeka, mdogo wako wa tumbo moja, tuliyemzika Novemba iliyopita. Namba yako ya simu haikupatikana. Sanduku lako la posta nimelikuta nyuma ya kadi ya Krismasi ya mwaka 1998, ndani ya kitabu chake cha sala.

Nafundisha uchoraji katika shule ya msingi huku Buzuruga, na naishi Mabatini. Kazi ikiisha sipandi gari. Narudi kwa miguu, na kila siku nachagua njia ambayo sijaipita, hata kama inanizungusha. Nikifika nyumbani nachora nilikopita, ila sichori barabara, nachora yaliyonipata. Nimekuwekea karatasi moja humu. Alama nyekundu ni mahali nilipopunguza mwendo bila kujua sababu. Bluu ni mahali ambapo stendi inaacha kusikika, zile kelele za "Musoma, Bunda, Musoma hiyo!" zinapokatika kama redio iliyozimwa. Mistari mifupi ni shikamoo zangu. Utaona Mabatini imejaa mistari, na barabara kuu haina hata mmoja. Sijui natafuta nini. Mama anasema nina miguu inayowasha, na kwamba nimeitoa kwenu.

Sababu ya kukuandikia ni hii. Upimaji wa kurasimisha makazi umefika kwenye mlima wetu. Kila nyumba itawekewa bikoni, zile nguzo za mpaka, na kitu ambacho hakuna aliyekionyesha kitaingia ndani ya kiwanja cha mtu, kijengewe. Wiki yake ya mwisho Bibi Rebeka alirudia neno moja: "Mama yuko mlimani Mabatini. Alexander anajua." Yeye alikuwa mtoto wa miaka mitano mama yenu alipofariki, hakukumbuka chochote. Mzee Masele, mwenyekiti wa kamati ya upimaji, anasema bikoni zinazamishwa tarehe 12 Septemba.

Babu, mama yenu amelala wapi?

Mjukuu wako,
Odeta


Newala
14 Juni 2024

Mjukuu wangu Odeta,

Marahaba. Barua yako imefika. Simu ninayo, lakini masikio yangu siku hizi yanachagua ya kusikia, na ramani haipiti kwenye simu. Tuandikiane.

Nimeitazama karatasi yako kwa lensi. Mkono wako ni mzuri. Lakini hiyo si ramani, ni picha. Ramani ina skeli, ina kaskazini, na mtu mwingine akiishika anafika. Nikiishika yako nitafika kwenye moyo wako wa siku ya Jumanne. Nimechora ramani miaka thelathini na nne, unisamehe ukali.

Unachouliza nakijua kwa hesabu, na hesabu hiyo nimeirudia kichwani kila siku tangu nihame Mwanza mwaka 1972. Anzia kwenye sakafu ya bomba la umma, karibu na daraja la Mirongo, upande wa mlima. Panda. Hatua 210, pumziko. Hatua 425, pumziko. Hatua 640, pumziko. Kaburi liko chini kidogo ya hapo, upande wa ziwa, kati ya miamba miwili, mahali pekee ambapo udongo ulikubali jembe. Hatua yangu ni sentimita 76. Tulipimwa chuoni kwa mnyororo wa kupimia ardhi. Kwa hiyo 640 ni mita 486. Nimekuchorea. Miamba nimeiweka kwa alama yangu ya zamani.

Ni vizuri ujue kwa nini yuko pale. Mama yetu, Felicitas, alimwacha baba mwaka 1955. Alitoka nasi Kagera, akavuka maji pale Busisi, akashukia Kigongo, Rebeka mgongoni na mimi nikiwa nimeshika sufuria. Mwanza alifua nguo za watu wa reli. Alipofariki, mwaka 1958, ukoo ulituma jibu kwamba aliyevuka maji kwa hiari yake asirudishwe kibanjani. Mhaya anazikwa kwenye migomba ya kwao. Yeye alizikwa kwenye mawe ya wengine. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Niliomba chipukizi la mgomba kwa karani mmoja wa kwetu, nikalipanda pale, nikijua kabisa kwamba juu ya mawe halitashika.

Huku tuko juu ya uwanda, maji ni ya taabu. Asubuhi bonde la Ruvuma hujaa ukungu, na kwa dakika kama kumi kila siku nadhani ni ziwa.

Siwezi kuja. Magoti, na mikorosho inataka dawa mwezi huu.

Babu yako,
A. Rugemalira


Mabatini
30 Juni 2024

Shikamoo Babu,

Sakafu ya bomba ipo. Muuza mkaa anapangia magunia juu yake. Nilimwamkia nikamwomba asogeze gunia moja, nikasimama pale kama mtu anayesubiri mbio zianze.

Hatua yangu ni sentimita 64. Nimeipima mara kumi kwenye uwanja wa shule, wanafunzi wakicheka. Ili nipate mita 486 nilihitaji hatua 760. Nilizipiga zote, nikizunguka nyumba na kurudi kwenye mstari kama ulivyofundishwa wewe. Nilivuka mgongo wa mlima. Nilianza kushuka upande wa pili. Ya mia saba na sitini iliniingiza kwenye karakana ya kuchomelea, mbele ya kijana mwenye miwani myeusi anayeitwa Paulo.

"Dada, karibu. Geti au dirisha?"

"Natafuta kaburi."

Akavua miwani. "Hapa utapata geti tu. Kaburi nenda kwa washindani wangu."

Hapo hakuna ziwa, Babu. Ziwa liko nyuma ya mlima. Haiwezekani iwe hapo.

Nilikwenda kwa mzee Masele anisaidie. Alinipokea vizuri, akaniletea kiti, akafungua ramani ya zamani ambayo kamati inaitumia. Mlima wetu wote, kuanzia juu ya daraja, hauna nyumba hata moja. Una miamba tu.

"Unaona, mwalimu?" akasema. "Ramani inasema pale ni mawe matupu. Mtu hazikwi ndani ya jiwe."

Nikamwambia ramani nazo hukosea.

"Ikosee hii? Tazama mkono wa huyu mtu. Kila jiwe amelipa kivuli chake. Mtu wa namna hii hakosei."

Nilitazama mkono. Kila mwamba ni vistari vitatu vilivyopinda na nukta moja chini, upande wa kulia. Nikatoa karatasi yako kwenye mkoba. Vistari vitatu vilivyopinda, nukta moja chini, upande wa kulia. Kwenye kona ya ramani ya Masele pameandikwa A.R., 1971.

Sikumwambia. Nakuuliza wewe kwanza.

Odeta


Newala
12 Julai 2024

Odeta,

Umekosea kufuata mstari. Anayepima kwa hatua penye mteremko lazima apunguze; hatua ya kupanda ni fupi kuliko ya uwanjani. Rudia, na utoe moja katika kila kumi.

Huku upepo umekuwa mkali na dawa ya mikorosho inapeperuka kabla ya kutua. Jirani yangu Nathaniel ameugua macho kwa ajili yake.

Kuhusu karatasi ya mzee Masele: A na R ni herufi za watu wengi, na alama za miamba tulifundishwa wote darasa moja.

Babu yako,
A. Rugemalira


Mabatini
20 Julai 2024

Babu,

Shikamoo.

Nimerudia. Nimetoa moja katika kila kumi. Nimefika nyuma ya choo cha kanisa, bado upande usioona ziwa.

Jumamosi iliyopita nilishindwa kukaa nyumbani, nikapanda gari hadi Kigongo. Nilisimama penye kivuko nikitazama Busisi ng'ambo, watu wakishuka na mizigo, kuku, magodoro. Nilitaka kujua aliyeshuka pale na watoto wawili alianza kwa mguu gani. Hakuna aliyeweza kuniambia. Nilichora tu nilivyosimama: doa moja jekundu, kubwa.

Nikiwa pale nikakumbuka hesabu yako. 210, pumziko. 425, pumziko. 640, pumziko. Babu, mpima ardhi mwenye hatua ya sentimita 76 anapumzika mara tatu ndani ya mita 486? Umeniandikia ukoo mzima, umeniandikia mnyororo wa chuoni, lakini hukuniambia aliyekuwa anapumzika ni nani. Hatua hizo ni za nani?

Na jambo la pili. Tulipomzika Bibi Rebeka, Mama alikuwekea kiti. Kiti kilikaa wazi siku tatu. Watu walipokuwa wengi mtu mmoja akataka kukikalia, Mama akamwambia, "Hapana, huyo anatoka mbali." Sikukuandikia mwanzoni kwa sababu sikutaka kukuumiza. Sasa naona sote wawili tunaficha, na bikoni zimebakiza siku hamsini na nne.

Odeta


Newala
31 Julai 2024

Mjukuu wangu,

Nimeichana barua hii mara mbili. Hii ya tatu itakwenda ilivyo.

A.R. ni mimi.

Mwaka 1971 nilipewa karatasi ya mlima ule niikamilishe kwa wino. Rasimu ya penseli ilikuwa na nyumba kumi na saba na kaburi moja. Kaburi nililiweka mimi mwenyewe, nilipokwenda na mnyororo. Mkuu wangu wa chumba cha kuchorea akaniita. Hakuwa mtu mbaya. Aliniambia: "Rugemalira, kisichopangwa hakichorwi. Hao wamejipachika. Futa, weka miamba, ipo mingi." Nilikuwa na miaka ishirini na mitano na kalamu bora kuliko wote pale ndani, na nilipenda kusifiwa. Nilifuta. Mwamba wa kwanza niliuchora juu ya mama. Nikaupa kivuli. Mkuu akaupeleka chumba cha pili kuwaonyesha wenzake jinsi jiwe linavyochorwa.

Miezi minane baadaye niliomba uhamisho, popote. Walinipa Newala. Rebeka aliniuliza tutakwenda lini kumsafishia mama. Nikamwambia mwaka ujao. Jibu hilo lilidumu miaka hamsini na moja.

Sasa, hatua. Una haki, na nimejionea aibu, maana ni kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angechapwa kwa ajili yake. Mnyororo ulipima nyumba na kaburi, lakini njia ya bombani sikuwahi kuipima kwa hatua nikiwa mtu mzima. Hesabu ile ni ya mtoto wa miaka kumi na miwili, nyuma ya mama yake, akiwa na galoni ya maji kichwani, anahesabu ili asilie. Namba ilibaki kichwani, na mimi nilipokua nikadhani imekua pamoja nami. Sina kipimo cha hatua ya mtoto aliyebeba maji. Hakuna chuo kilichonipa.

Uliuliza aliyekuwa anapumzika. Ni yeye. Debe la maji, lita kumi na nane, kutoka bombani hadi chumba chetu. Na hapa nisikilize vizuri, kwa sababu nadhani ndiyo ramani pekee niliyo nayo. Hakuwa anapumzika pale anapochoka. Mimi nilikuwa mfupi, nisingeweza kumtwisha, na hakuwa na mtu mwingine. Akitua debe chini, asingeliinua tena peke yake. Kwa hiyo alitua pale tu penye jiwe la kimo cha kifua, lenye bapa juu, ili aingize kichwa chini yake na kusimama nalo. Kutoka bombani hadi nyumbani mawe ya namna hiyo yalikuwa matatu. Hata shingo ilie vipi, alisubiri jiwe. Kwenye la tatu aligeuka akatazama upande wa Busisi. Nami niliacha kuhesabu.

Achana na namba zangu. Huwezi kubeba kama mtoto. Beba kama yeye.

Alexander


Mabatini
11 Agosti 2024

Shikamoo Babu yangu,

Nimebeba.

Debe sikupata, nilichukua ndoo ya lita ishirini, nikaijaza kwa jirani wa muuza mkaa. Muuza mkaa ndiye aliyenitwisha. "Mwalimu, maji yamekatika kwenu?" Nikamwambia hapana. Akaniuliza kama ni adhabu. Nikasema nadhani ndiyo.

Sijawahi kubeba maji juu ya mlima. Nilivaa ngata ya kanga, nikaweka macho mbele. Babu, mlima ninaoupita kila siku siujui kabisa. Nikiwa mikono mitupu naona milango, watu, rangi. Nikiwa na ndoo naona kitu kimoja tu: wapi nitaitua. Njia nzima iligeuka kuwa swali hilo. Kulikuwa na ngazi za saruji nzuri, zinanikaribisha kabisa, nikazipita nikiwa nalia, kwa sababu nikitua pale sitaiinua. Jiwe la kwanza nililifikia bila kulitafuta. Limekuwa kona ya duka la vocha, juu wamelipaka rangi ya bluu, lakini bapa lipo, na limelainika kama sabuni iliyotumika. Niliitua ndoo, nikaingiza kichwa chini, nikasimama. Peke yangu! La pili liko ndani ya uchochoro, wanaanikia dagaa juu yake. Mwenye dagaa alinitukana kidogo.

La tatu liko kwenye uwanja wa mama mmoja wa Kisukuma, Ng'washi, mtu wa miaka sabini hivi, mnene, mcheshi. Alikuwa anachambua mchele. Niliingia bila hodi, nikatua ndoo kwenye jiwe lake, nikageuka. Kati ya paa mbili, ziwa. Kipande kama kitambaa kilichoanikwa.

"Wee," akasema. "Unahama na ndoo moja?"

"Shikamoo mayu. Samahani. Nabeba maji."

"Marahaba. Bomba ninalo ndani, majirani wote wanalo. Unambebea nani?"

"Babu yangu."

"Babu yako yuko wapi?"

"Newala."

Akaacha ungo. "Basi bado una mwendo."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Halafu nikatazama chini ya jiwe, upande wa ziwa. Kuna miamba miwili, na katikati yake bafu la mabati, na nyuma ya bafu migomba, Babu. Mashina kama tisa, yamebanana, meusi kwa afya.

Nikamuuliza aliipanda lini.

"Hiyo? Siyo yangu. Nilinunua hapa tisini na tatu nikaikuta. Nimeikata mara mbili, inachipua. Mara ya tatu nikasema basi, mnywe maji ya bafu, tuishi. Kuna mama mmoja kutoka Muleba, huko Kagera, alipita akasema ni nshakala, ndizi ya kwao, akashangaa imefuata nini kwenye mawe."

Nikamwambia imemfuata nani.

Mchele aliuacha, kuku wakaja wakala, hakuwafukuza. Mwishowe akasema, "Miaka thelathini na moja namwagia mama wa watu maji ya sabuni." Akainuka, akaenda akafunga mlango wa bafu kwa kamba.

Mzee Masele aliitwa. Alisema mwenye kiwanja akikubali kukata kipande, na aliyechora ramani akikana ramani yake, kaburi litapimwa na kuwekewa bikoni zake. Ng'washi amekubali. Lakini ana sharti, na nimejaribu kumbembeleza, hataki. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema:

"Bafu nitabomoa. Ardhi nitakata. Lakini sipokei mgeni kwa kuambiwa na mjukuu. Huyo mwanawe aje mwenyewe, asimame hapa, anitambulishe. Nimekaa naye miaka yote hii sijui hata anaitwa nani. Asipokuja, wapima wakiniuliza nitawaambia ramani ni ya kweli, pale ni mawe."

Zimebaki wiki nne na siku chache. Njoo.

Odeta


Newala
22 Agosti 2024

Odeta wangu,

Nimesoma habari ya migomba nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikasoma tena.

Ndani ya bahasha hii kuna vitu viwili. Cha kwanza ni tamko langu mbele ya hakimu wa hapa, lina muhuri, linasema kwamba ramani ile niliikamilisha mimi na kwamba ina uongo kuanzia daraja hadi juu. Cha pili ni mlima wenyewe. Nimeuchora upya kwa siku sita, kwa wino, nyumba zote kumi na saba na majina ya waliokaa humo, kadiri ninavyokumbuka, na kaburi. Mpe mzee Masele. Mweleze mama Ng'washi kwamba ninamshukuru na kwamba jina ni Felicitas.

Nadhani hiyo itatosha.

Utauliza kama ni magoti. Ni magoti, kwa sehemu. Lakini Mwanza ninayo hapa, mjukuu wangu. Kila asubuhi ukungu ukiwa bondeni naishuka mitaa yake, naamkia watu waliokufa zamani, na kila kitu kiko mahali pake. Nikija, nitakuta karakana ya Paulo. Nitakuta jiwe la kwanza limepakwa bluu. Huu ninaoujua utafutika, na mimi najua jinsi mji unavyofutwa. Inachukua mchana mmoja. Halafu kuna kusimama pale. Mbele ya mama wa Kisukuma aliyefunga bafu lake kwa kamba baada ya kusikia mara moja tu, mimi niliyejua miaka hamsini na tatu nitasema nini?

Babu yako,
Alexander


Mabatini
1 Septemba 2024

Shikamoo Babu,

Mzee Masele ameridhika na tamko. Ramani yako mpya ameitazama saa nzima, akaniuliza kama huyo A.R. anafundisha.

Ng'washi hajaridhika. Nilimsomea kila jina la zile nyumba kumi na saba. Alisikiliza, akakunja ramani vizuri, akanirudishia. "Karatasi ndiyo iliyompoteza," akasema. "Karatasi tena ndiyo imrudishe?"

Bafu amelibomoa. Anaoga kwa jirani. Bado anasema atawaambia wapima ni mawe.

Ulisema ramani ni ile ambayo mtu mwingine akiishika anafika. Nimekutengenezea moja, ndiyo hiyo iliyokunjwa humu. Ni ya barua zako. Nilizipanga zote mezani nikazipita kama ninavyopita mitaa, na nyekundu ni mahali ulipopunguza mwendo: sufuria uliyoishika Kigongo, chipukizi ulilojua halitashika, kivuli cha mwamba, "mwaka ujao", na pale jiwe la tatu alipogeuka nawe ukaacha kuhesabu. Niliunganisha alama kwa mstari. Sikulazimisha. Tazama mstari unakoishia.

Kiti kipo. Sasa Ng'washi ndiye amekiweka, chini ya migomba. Jana kuku walipanda juu yake, akawafukuza.

Odeta


Mabatini, kwa mama Ng'washi
11 Septemba 2024, saa sita mchana

Mjukuu wangu,

Mama Ng'washi anasema uko shuleni hadi saa tisa na amenikataza kukufuata huko. Amenipa kalamu ya mwanafunzi na nyuma ya bahasha, kwa hiyo nisamehe mwandiko. Atakupa mkononi ukifika, kama nitakuwa nimesinzia. Ninataka usome kabla hujaniamkia.

Sikukuambia kwamba ninakuja kwa sababu sikuwa na hakika kwamba sitashuka njiani. Newala hadi hapa nimepumzika mara tatu, Masasi, Dar na Dodoma, pale tu nilipoona nitaweza kujitwisha tena. Asubuhi nilishukia Buzuruga. Pale stendi wanapiga kelele kweli. Nilitembea polepole hadi mahali zinapokatika, na ni pale pale ulipoweka bluu. Nikakiri peke yangu barabarani kwamba karatasi yako ni ramani.

Muuza mkaa alisogeza gunia kabla sijamwomba. Anasema amezoea ukoo huu.

Nilipanda na fimbo. Jiwe la bluu nililishika, halikunifutia kitu. Kwa mwenye dagaa nilitukanwa kidogo. Njia nzima nilihesabu, sikukusudia, midomo ilianza yenyewe.

Mama Ng'washi alikuwa amesimama mlangoni. Hakuuliza mimi ni nani. Alinipeleka kwenye migomba, akavua kandambili, nami nikavua viatu. Nilisema: "Mama, huyu ni Ng'washi, ndiye mwenye nyumba. Mama Ng'washi, huyu ni Felicitas, mama yangu. Nilimficha mimi." Nilikuwa nimeandaa mengine mengi, hayakuja. Yeye akasema, "Karibu, Felicitas," kisha akamwomba radhi ya sabuni, kisha akaniambia nikae, chai inakuja. Wapima tutawangoja sote kesho.

Ziwa lipo, kati ya paa mbili.

Jambo moja la kitaalamu, uliweke pamoja na barua zetu. Hatua yangu haina tena sentimita 76. Magoti yameirudisha ilikokuwa. Kutoka sakafu ya bomba hadi jiwe la tatu namba ya mtoto ilikuwa 640. Mimi leo nimepata 643. Kwa kazi ya mguu, penye mteremko, baada ya miaka sitini na sita, kosa la hatua tatu linakubalika.

Alexander